Lori Kama Nyumba: Ufundi wa Safari ya Bukavu hadi Uvira Kiangazi Kinapoachia Masika

Safari ndefu ya barabara inayofanywa wakati majira yanabadilika ni tatizo la kiufundi, na namna ya kulitatua hutegemea nchi inayopitwa. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, miezi ya Septemba hadi Novemba hutenganisha joto na baridi kali, na wasafiri wengi huitumia kuzunguka kwa gari-makazi, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, ambalo mwenyewe huliendesha mchana na kulala humo usiku. Katika Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, miezi hiyohiyo haileti baridi kali. Hukata kiangazi kilichoanza Juni na kurudisha mvua ambazo zitaendelea, mara kwa nguvu na mara kwa kupumua, hadi Mei. Gari-makazi la huku nalo ni la namna nyingine, kwa kuwa ni lori la mizigo, ambalo wenyeji huliita kamyo, na ambalo dereva na msaidizi wake hulifanya chumba, jiko na ghala kwa siku zozote ambazo njia itadai.

Njia inayofaa kuchunguzwa kwa kusudi hili ni barabara ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu kwa upande wa Panzi, ikapita Nyantende na Nyangezi, ikavuka milima ya Ngomo, ikashuka Kamanyola na kuambaa na bonde la mto Ruzizi hadi Uvira. Urefu wake haufiki kilomita 150, na katika nchi tambarare yenye lami ungemalizwa kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, kwa miongo mingi sehemu ya Ngomo imekuwa ya udongo na mawe, nyembamba, yenye ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na lori lililobeba mzigo huweza kuipita kwa saa chache au kwa siku tatu. Tofauti hiyo haielezwi na ubora wa gari peke yake. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba kinachoamua ni uwezo wa kusubiri mahali panapofaa na kwa saa inayofaa, na kwamba lori kufanywa nyumba ndiko kunakoupa msafara uwezo huo.

Ni lazima isemwe mapema kwamba tangu Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, vita vimekuwa na sauti kubwa kuliko mvua katika kuamua nani apite na nani asipite. Yanayoelezwa hapa ni maarifa ya nyakati za kawaida, ambayo yamejengwa na madereva kwa miaka mingi na ambayo yatahitajika tena, kwa kuwa mlima, udongo na mawingu vimebaki palepale.

Umbo la nchi ndilo chanzo cha ugumu wote. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770, na mto Ruzizi unaoyaunganisha hupoteza sehemu kubwa ya tofauti hiyo katika makorongo ya mwanzo, kabla ya kufika Kamanyola; ndiyo maana mabwawa ya umeme ya Ruzizi ya kwanza na ya pili yamejengwa huko juu na si bondeni. Barabara inalazimika kuteremka kama mto unavyoteremka, lakini kabla ya kuteremka hupanda kwanza kwenye Ngomo. Kwa kanuni inayojulikana ya hewa, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 6.5 za selisiasi kwa kila mita 1,000 za kushuka, na kwa hiyo Uvira huwa na joto lililozidi la Bukavu kwa nyuzi nne au tano hata siku isiyo na tofauti nyingine yoyote. Mvua nayo haigawanywi sawasawa. Bukavu hupata zaidi ya milimita 1,300 kwa mwaka, ilhali bonde la Ruzizi, ambalo limekingwa na milima ya Itombwe yenye kilele cha zaidi ya mita 3,400, hupata chini ya 1,000. Hali hiyo huitwa kivuli cha mvua: mawingu humwaga maji upande mmoja wa mlima, na upande wa pili hufikiwa na hewa iliyokwisha kukauka. Dereva anayeondoka Bukavu asubuhi ya Oktoba akiwa amevaa koti huweza kuwa katika ukungu saa tatu, katika tope saa tano, na katika vumbi saa tisa mchana, bila kutoka nje ya mkoa mmoja.

Sababu ya mvua kurudi Septemba ni mwendo wa ukanda wa mkutano wa pepo, yaani mstari unaoizunguka dunia karibu na ikweta ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kulazimika kupanda juu pamoja na unyevu wake. Ukanda huo hulifuata jua, na kwa kuwa jua huvuka ikweta kuelekea kusini karibu na tarehe 23 Septemba, Bukavu, iliyo digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, huingia chini ya ukanda huo mara moja. Kwa msafiri, jambo lenye manufaa zaidi ni mpangilio wa siku. Asubuhi miteremko huwa mitulivu. Kadiri jua linavyopanda, hewa iliyogusana na ardhi yenye joto hupanda kando ya milima na kubeba unyevu, mawingu hujengeka tangu adhuhuri, na dhoruba hupiga zaidi mchana wa pili na jioni. Mpangilio huu haufuatwi kila siku, lakini hurudiwa mara nyingi kiasi kwamba ratiba inaweza kujengwa juu yake, na ndiyo maana lori lenye dereva mzoefu huwa limekwisha kupakiwa tangu jana yake na huondoka alfajiri, ili kilele cha Ngomo kiwe kimepitwa kabla mawingu hayajakomaa.

Pamoja na hayo, mawingu si adui wa moja kwa moja. Adui ni udongo, na hapo ndipo uchambuzi unapostahili kukaa. Milima inayoizunguka Bukavu imejengwa kwa sehemu kubwa na miamba ya volkeno iliyooza kwa muda mrefu na kugeuka mfinyanzi mwekundu, na mfinyanzi una tabia ya kubadilika kabisa kulingana na kiasi cha maji kilichomo ndani yake. Mwaka 1911 mkemia Msweden Albert Atterberg aliweka mipaka ya tabia hiyo: udongo huanzia hali ya ugumu, ukafika hali ya kufinyangika, kisha ukaishia hali ya kutiririka. Kipimo cha mpaka wa kufinyangika ni rahisi hata leo, kwa kuwa udongo huviringishwa kwa kiganja mpaka uwe kama uzi wenye unene wa milimita tatu, na ukikatika kabla ya hapo huwa bado upande wa ugumu. Dereva aliyeshuka garini na kuukandamiza ukingo wa barabara kwa kisigino anafanya kipimo cha ukoo uleule. Kisigino kikiacha alama yenye kingo kali na zilizopasuka, tairi litashika. Kikizama na kingo zikajifunga polepole, lori lenye tani 15 halina kazi ya kufanya pale kwa wakati huo.

Ni muhimu pia kutenganisha hatari mbili ambazo mara nyingi huchanganywa kwa jina moja la masika. Mvua za kwanza za Septemba hukuta barabara iliyosagwa na magurudumu miezi mitatu mizima, yenye unga mwembamba wa vumbi juu na ardhi ngumu chini. Maji huubadilisha unga huo kuwa utando wa sentimita chache unaoteleza kama sabuni juu ya sakafu, lakini ardhi ya chini bado ni kavu na imara. Tatizo hilo ni kali na ni fupi: jua likiwaka saa mbili au tatu baada ya mvua, utando hukauka kuanzia juu, na njia hufunguka. Hatari ya pili huja baadaye, mvua zinapokuwa zimerundikana wiki kwa wiki hadi maji yakajaza nafasi zote kati ya chembe za udongo na kuanza kuzisukuma zisigusane, jambo linaloupokonya mteremko nguvu ya kujishikilia. Huko hakuna jua la saa tatu linalosaidia. Tarehe 4 Mei 2023, mwishoni mwa masika, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, kando ya barabara nyingine inayotoka Bukavu kwenda Goma, vilifunikwa na maji, matope na mawe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Anayesema kwamba "Ngomo ni mbaya wakati wa mvua" hajasema uongo, lakini hajasema la kumsaidia msafiri, kwa sababu Ngomo ya Septemba hudai subira ya saa chache, ilhali Ngomo ya Aprili huweza kudai kwamba safari isifanywe.

Baada ya udongo, jambo la pili ni breki, na hapa hesabu fupi inaeleza zaidi ya maonyo mengi. Lori lenye uzito wa tani 15 likishuka mita 600 kwa kimo, nishati ya uvutano inayopaswa kumezwa njiani hufikia takriban megajuli 88. Kiasi hicho cha nishati kingetosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji yaliyokuwa na joto la kawaida la chumbani. Dereva akikanyaga breki mfululizo, joto hilo lote huingia katika ngoma na vitambaa vya breki, na vikishapita kiwango fulani cha joto vitambaa hupoteza mkwaruzo wake. Kanyagio hubaki gumu mguuni lakini gari halipungui mwendo, hali ambayo mafundi huieleza kuwa ni kuchoka kwa breki. Njia ya kuepuka ni breki ya injini, yaani kuweka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na kuiacha injini, inayozungushwa na magurudumu, imeze sehemu kubwa ya nishati hiyo na kuitoa kupitia rejeta na bomba la moshi. Maneno "kabla ya mteremko kuanza" ndiyo yenye uzito wote, kwa sababu lori lililokwisha kushika kasi huenda likakataa gia ndogo, na dereva akabaki na gia huru katikati ya mlima. Barabara ikiwa na utelezi, kanuni hiyo huongezewa masharti: gia ndogo kupita kiasi inaweza kuyafunga magurudumu ya nyuma ghafla na kulisukuma lori upande wa korongo, hivyo chaguo sahihi huwa ni gia moja juu ya ile ambayo ingetumika pakavu, pamoja na kugusa breki kidogokidogo kwenye vipande vya mawe vyenye mshiko.

Katika kupanda, kazi ngumu huhamia kwa motaboy, yaani msaidizi wa dereva, ambaye Tanzania huitwa utingo. Yeye hutembea nyuma ya gurudumu la nyuma la upande wa mlima akiwa ameshika kabari, kipande cha gogo kilichochongwa pembe tatu na kutiwa mpini mrefu wa fimbo ili mkono wake usikaribie tairi, na kila lori linaposita yeye huisukuma kabari chini ya gurudumu kabla halijarudi hata shubiri moja. Dereva hamwoni, humsikia tu akigonga ubavu wa bodi, pigo moja kwa kusimama na mawili kwa kuendelea. Hakuna kifaa katika msafara mzima kilicho rahisi kuliko kabari hiyo, na hakuna kinachookoa maisha mengi zaidi yake. Zaidi ya hapo, wakati wa kurudi Bukavu injini huwa na mzigo maradufu, kwa kuwa hewa ya mita 1,500 ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo pale mlima unapoihitaji zaidi.

Sasa yaweza kuelezwa kwa nini nyumba ni sehemu ya ufundi huu. Dereva ambaye hana pa kulala, hana chakula na hana maji huendesha kwa kulazimishwa na giza na njaa. Ataingia katika tope la saa kumi jioni kwa sababu anataka kufika. Lori lililopangwa kama makazi huondoa shinikizo hilo. Nyuma ya kiti huwekwa ubao na godoro jembamba. Turubai hufungwa juu ya mzigo kwa namna inayoacha pembe moja kama baraza, ambapo motaboy hukaa na mbabula, yaani jiko dogo la makaa, akisonga ugali na kukaanga sambaza. Samaki hao wana historia inayoifaa njia hii, kwa sababu asili yao ni Tanganyika na walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, hata leo wanaliwa kwenye ncha zote mbili za safari. Madumu ya maji hujazwa mjini. Kila mmoja hubeba koti la usiku wa Ngomo na chandarua cha usiku wa Kamanyola, kwa maana malaria ya bonde la Ruzizi haimwachi mgeni wa milimani. Kanuni moja haina ruhusa ya kuvunjwa, nayo ni kutoingiza mbabula ndani ya chumba cha dereva kilichofungwa vioo, hata baridi iwe kali vipi, kwa sababu makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu usingizini.

Inafaa kulinganisha ufundi huu na jaribio maarufu lililofanywa karne moja iliyopita kwa mali nyingi zaidi. Tarehe 28 Oktoba 1924 msafara wa kampuni ya Citroën uliondoka Colomb-Béchar, kusini-magharibi mwa Algeria, ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, kwa magari manane yaliyokuwa na magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, mfumo uliobuniwa na mhandisi Adolphe Kégresse alipokuwa akihudumia magari ya mfalme wa Urusi katika theluji. Kila gari lilivuta tela lenye vifaa vya kambi, na msafara huo, ambao Wafaransa waliupa jina la Croisière Noire, ulivuka Sahara, ukapita Chad na Kongo ya Wabelgiji hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, kisha ukaendelea hadi Kampala, ambako uligawanyika makundi manne yaliyoelekea Mombasa, Dar es Salaam, Msumbiji na Cape Town. Mikanda ya Kégresse ilikuwa jibu zuri kwa utelezi, kwa kuwa ilitandaza uzito wa gari juu ya eneo kubwa na kupunguza mgandamizo juu ya udongo. Lakini mashine hiyo haikutosha peke yake. Maghala ya mafuta na vyakula yalitangulizwa njiani na misafara mingine, na msituni njia ilifyekwa kwa mikono ya wananchi waliokusanywa na utawala wa kikoloni, watu ambao majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa gari lolote. Vilevile tarehe ya kuondoka iliwezesha jangwa livukwe wakati wa ubaridi. Kwa maneno mengine, hata wenye mikanda walianza kwa kalenda. Dereva wa Ngomo, asiye na mikanda wala maghala, amebaki na kalenda na saa, na amezitumia kwa ustadi unaostahili heshima ileile ya kihandisi. Na vijana wanaopanga mawe katika mashimo ya barabara na kuomba chochote kwa kila gari linalopita ndio warithi wa wale waliofyeka msitu.

Kwa miaka mingi imekuwepo njia ya kuukwepa mlima, ya kuvuka Ruzizi kuingia Rwanda, kufuata lami hadi Bugarama na kurudi Kongo kwa Kamanyola. Wasafiri wa magari madogo waliipenda. Kwa lori lenye shehena huongeza ushuru, karatasi na saa za kufungwa kwa mpaka, na kwa hiyo humbadilishia dereva aina moja ya kusubiri kwa nyingine.

Kamanyola ikishafikiwa, wengi huona kwamba hatari imekwisha, na huo ndio wakati wa kosa. Bonde limenyooka, kuna joto, vumbi limerudi, na mguu huwa mzito juu ya mafuta kupitia Luvungi na Bwegera. Hewa ya tairi lililojazwa kwenye ubaridi wa nyuzi 15 huongeza mgandamizo wake kwa takriban asilimia tano hewa hiyo inapofika nyuzi 30, kabla hata ya kuhesabu joto la msuguano, hivyo tairi la zamani lililovumilia mlima hupasukia kwenye unyoofu. Sange, iliyo katikati ya bonde hilo, haitasahau tarehe 2 Julai 2010, ambapo lori la mafuta lilipinduka jioni na kulipuka, na zaidi ya watu 230 wakapoteza maisha. Ilikuwa kiangazi, si msimu wa mvua. Uvira kwenyewe maji hutoka upande usiotazamwa, kwa kuwa mito mifupi hushuka kutoka milima ya magharibi na kuvuka mji kabla ya kuingia ziwani. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua makumi ya watu na kubomoa makazi, na anayeegesha lori lake karibu na kingo kwa sababu mbingu juu ya mji ni safi huenda hana habari za mvua inayonyesha juu ya milima.

Upungufu mkubwa wa ufundi huu wote ni kwamba hupitishwa kwa mdomo na kupotea pamoja na mwenye nao. Dereva aliye Nyangezi hajui kama mvua imenyesha kileleni jana usiku, isipokuwa akutane na mwenzake anayetoka huko. Wakati huohuo, kaskazini mwa Bukavu, kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa zama za Wabelgiji, kina desturi ndefu ya kupima hali ya hewa ya milima hii. Kipimamvua cha kawaida ni chombo cha mdomo wazi chenye alama za milimita, ambacho mwalimu wa shule anaweza kukisoma kila asubuhi. Wanaohusika na barabara hii, pamoja na vyama vya madereva na watafiti wa Lwiro, waweke kimoja Ngomo, na waandike kiasi cha mvua ya usiku uliopita juu ya ubao mmoja Nyangezi na mwingine Kamanyola, mahali ambapo motaboy anaweza kuusoma kabla dereva hajawasha injini.